Binti yangu anataka kuhamia shule isiyo na kengele wala mitihani

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia usiku, watoto wamelala na baba yao yuko Dodoma kikazi. Nina miaka 39, tunaishi Dar es Salaam. Nauza vitambaa na vifaa vya kushonea, mume wangu ni mtumishi wa serikali. Tuna watoto wawili: binti wa miaka 14 aliye kidato cha pili kwenye shule binafsi ya kutwa, na mdogo wake wa kiume wa miaka 10, darasa la tano.

Binti yangu alikuwa mtoto wa maswali. Alipokuwa na miaka saba aliifungua redio ya marehemu babu yake kwa bisibisi, akazipanga skrubu juu ya gazeti moja baada ya nyingine, akairudishia na ikalia. Alikuwa anasoma kila kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungiwa vitumbua. Leo anaamka saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi la shule, anarudi jua linazama, anakula huku anasinzia, kisha madaftari mpaka saa nne usiku. Jumamosi ni tuisheni. Tangu amalize la saba sijamwona akisoma kitu kwa kupenda.

Tangu mwaka jana, kila Jumapili jioni tumbo linamkata. Tumempima vidonda vya tumbo, taifodi, minyoo, hakuna kilichoonekana. Mara ya mwisho daktari alimwuliza kwa upole, "Kesho asubuhi una kipindi gani?" Mtoto akaanza kulia. Kipindi ni hisabati. Mwalimu wake anachapa kiboko kimoja kwa kila swali mtoto alilokosa. Akikosa saba ni saba. Nilikwenda shuleni. Nikaambiwa shule inafaulisha kwa sababu ya nidhamu, na wazazi wengine hawalalamiki.

Mwezi wa pili mwenzangu wa kikoba alinipeleka kuona shule ndogo nje kidogo ya mji, anakosoma mwanawe. Ina watoto kama arobaini, wa miaka 6 hadi 16, wamechanganyika. Hakuna kengele, hakuna nafasi ya kwanza wala ya mwisho, hakuna mitihani, na kila mtoto anachagua afanye nini siku hiyo. Nilimwona mvulana wa kama miaka 12 akipima kivuli cha mwembe kwa kamba ili ajue urefu wa mti, na hakuna aliyemtuma. Jumatatu wanakaa mkutano, watoto na walimu, kila mtu kura moja. Siku ile walikuwa wanasikiliza kesi ya mtoto aliyechukua baiskeli ya mwenzake bila ruhusa, na aliyeongoza kikao alikuwa msichana wa miaka 13. Niliketi nyuma, machozi yakanitoka, sijui kwa nini.

Lakini siku hiyohiyo nilimwona binti wa miaka 15 amelala kwenye mkeka na simu asubuhi nzima. Nilipomwuliza anajifunza nini alinijibu, "Leo sijisikii." Mpaka sasa sauti ile haijanitoka.

Mume wangu hataki hata kusikia. Yeye amezaliwa kijijini, mtoto wa sita kati ya tisa, na mwaka wake ni yeye peke yake katika shule yao aliyefaulu la saba na kuchaguliwa sekondari. Ananiambia, "Mtihani ndio ulionitoa kule. Unataka kuwanyang'anya wanangu ngazi niliyopandia." Mama mkwe anasema hizo ni shule za watoto wa Wazungu ambao wana urithi unawasubiri. Mama yangu mzazi naye anasema sote tulichapwa na tuko hai.

Binti yangu nilipomsimulia alisema, "Mama, nipeleke hata kesho." Mdogo wake anaipenda shule yake, ana marafiki na timu ya mpira, na anafanya vizuri. Lakini nawaza, kama ile ni njema kwa mmoja, nitawezaje kumpa mmoja uhuru na mwingine nimwachie fimbo? Ada zinakaribiana, milioni tatu na laki nne kwa mwaka bila usafiri. Mume wangu amesema nikiwahamisha nitalipa mwenyewe. Duka linaweza, ila kwa shida.

Shangazi, mtoto mkubwa hivi, aliyezoea kuambiwa kila kitu, anaweza kujiongoza? Au nimeshachelewa?

Mama wa Wawili, Dar es Salaam

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, kama nilivyozoea kusoma madaftari miaka ile nilipokuwa mwalimu. Umeniuliza kuhusu shule, na nitafika huko. Ila naona umefunga vitu viwili katika kanga moja: maumivu ya binti yako, na ndoto yako juu ya namna nyingine ya kulea. Vyote ni vya kweli. Lakini kimoja kinaweza kusubiri mkae, mfikiri, mtembelee, mzungumze. Kingine kinarudi kila Jumapili jioni.

Basi tuanze na tumbo. Viboko saba kwa maswali saba si nidhamu hata kwa mujibu wa kanuni za nchi hii, ambazo bado zinaruhusu fimbo shuleni. Kanuni hizo zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, kwa kosa kubwa la utovu wa nidhamu, na adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kukosa hesabu si utovu wa nidhamu. Kwa hiyo usirudi pale ukiwa na malalamiko ya mdomo. Andika barua, taja tarehe na idadi, ipeleke kwa mkuu wa shule na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Wakikaa kimya, yuko afisa elimu, na wako wadhibiti ubora wa shule. Kwamba wazazi wengine hawalalamiki haina maana watoto wao hawaumwi matumbo.

Na hapa nina swali. Hukuniambia kama baba yake alikuwepo siku ile daktari alipouliza kuhusu kipindi. Je, alimwona mtoto akilia, au alisikia kwako baadaye, katikati ya ubishi wa kuhamisha shule? Nauliza kwa sababu baba anaweza kukataa shule ya mkutano wa Jumatatu na bado akasimama kidete kuhusu viboko saba. Mkienda wawili kwa mkuu wa shule mtakuwa mmefanya jambo moja pamoja kabla ya kugombana kuhusu la pili. Nisingependa tumbo la mtoto liwe hoja yako tu katika mjadala.

Sasa shule.

Mama mkwe wako anasema ni mambo ya Wazungu. Ana kweli kidogo. Shule ya aina hii inayojulikana zaidi, Summerhill, ilianzishwa mwaka 1921 na A. S. Neill na mpaka leo ipo Leiston, Uingereza. Masomo ni ya hiari, na kwenye mkutano mtoto na mwalimu wana kura sawa, kama ulivyoona. Mwaka 1999 wakaguzi wa serikali walitaka ibadilike. Shauri likafika kwenye baraza la kusikiliza mashauri ya shule mwaka 2000, pande zote zikaafikiana, na wanafunzi wakafanya mkutano wao humohumo ndani ya chumba cha mahakama kupiga kura kama wayakubali maafikiano. Waliyakubali, na masomo yakabaki ya hiari. Marekani kuna Sudbury Valley, tangu 1968, ambako mtoto hata wa miaka minne ana kura. Kwa hiyo jambo lenyewe si geni wala si mzaha. Limejaribiwa kwa zaidi ya miaka mia.

Lakini mama mkwe akumbuke pia kwamba mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, aliandika kwamba tumeupa mtihani uzito kupita kiasi, na kwamba wanafunzi washiriki katika kuamua mambo ya shamba la shule yao, wakosee na wajifunze kwa makosa yao. Nilianza kufundisha miaka ya baadaye, na nasema kwa masikitiko kwamba katika shule nilizopita shamba lilikuwa limeshageuka mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa namba. Wazo la kumwamini mtoto lilikuwa letu. Sisi tukaligeuza jembe la adhabu. Na kabla ya hapo, seremala wa mtaani kwetu hakumpa mwanafunzi wake cheti wala nafasi ya kwanza. Alimpa randa, akamwacha aharibu ubao, akamwonyesha tena.

Nalisema hili si kukusukuma. Nalisema ili lile neno "Wazungu" lisimalize mazungumzo ndani ya nyumba.

Maana upande wa pili una uzito wake, na mume wako ameushika vizuri kuliko unavyomtazamia. Kule Marekani shule kama Sudbury Valley inaweza kutoa cheti chake yenyewe, na kijana akaenda kujieleza chuoni akapokelewa. Walipowafuatilia waliosoma pale, utafiti ukatoka mwaka 1986, wengi walikuwa wameendelea na masomo ya juu au wana kazi walizozichagua. Ni habari njema, ila walikuwa watu wachache, wa familia zilizochagua shule ile kwa hiari, katika nchi yenye milango mingi. Kwetu mlango wa kidato cha tano, wa chuo, wa ajira, bado unafunguliwa na cheti cha kidato cha nne. Mume wako hasemi kwa kuogopa mabadiliko. Anasema kwa sababu aliwahi kusimama mbele ya mlango huo bila kitu kingine mkononi.

Ingawa siku moja, mkiwa mmetulia, ningependa umwulize kuhusu ndugu zake wanane. Si kwa kumshinda. Mwulize tu walikuwa watoto wa namna gani, nani alikuwa na mikono mizuri, nani alikuwa anajua hesabu za dukani kuliko yeye. Ngazi aliyopandia ni ya kweli, na waliobaki chini yake pia ni wa kweli, na nadhani yeye ndiye anayewakumbuka zaidi.

Kuhusu cheti, njia zipo, tena mzijue mapema. Binti yako ana mtihani wa kidato cha pili Novemba mwaka huu. Akihamia shule isiyofuata mtaala, cheti cha kidato cha nne atakitafuta kama mtahiniwa wa kujitegemea, na njia ya kawaida kwa aliye nje ya mfumo ni kufaulu kwanza Mtihani wa Maarifa, ule unaoitwa QT. Nendeni Baraza la Mitihani wenyewe, muulize matokeo yake ya Novemba yatamsaidiaje akitoka baada ya hapo. Njia nyingine ni mitihani ya kimataifa ya Cambridge, ya Uingereza, ambayo mtoto anaweza kujisajili kwenye kituo bila kuwa mwanafunzi wa pale, halafu Baraza likalinganisha matokeo yake na yetu; hiyo ina gharama, na duka lako lazima liijue leo, sio miaka miwili ijayo. Shule ikikwambia "anayetaka mtihani tunamsaidia," ulizia jina la aliyesaidiwa, mwaka gani, masomo yapi. Mtoto anayefungua redio huenda akataka fizikia. Nani atamfundisha? Maabara iko wapi?

Umeniuliza kama umechelewa. Mtoto wa miaka 14 hajachelewa kitu, mwanangu. Ila kuna jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto mdogo ukimweka mahali pa uhuru anacheza siku hiyohiyo. Mtoto mkubwa aliyeambiwa kila saa akae wapi na aandike nini, siku ya kwanza bila kengele hajui afanye nini na mikono yake. Analala. Anashika simu. Anasema hajisikii. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hii huifungui kwa kumwambia sasa uko huru. Inaweza kuchukua wiki, na kwa wengine miezi mingi, kabla hajachoka kupumzika na kuanza kutafuta kitu. Wazazi wengi wanashindwa hapahapa: wanamtoa mwezi wa tatu, mtoto anarudi shule ya zamani akiwa amepoteza masomo na amejithibitishia kwamba yeye ni mvivu.

Kwa hiyo yule binti wa mkekani simwoni kama dosari wala kama ushahidi. Rudi ukaulize ana muda gani pale. Kama ana wiki tano, huenda unaangalia mtoto anayepoa. Kama ana miaka miwili, uliza zaidi: nani humkalia karibu? Nani anajua anapenda nini? Uhuru wa mtoto unataka watu wazima wengi walio macho. Sudbury Valley ina kitabu kinene cha sheria, na anayevunja anaitwa mbele ya kamati. Mahali ambapo watu wazima wamejitoa tu, wakaita kutokujali kwao uhuru, nimepaona pia, na watoto wakubwa ndio huumia zaidi kwa sababu hakuna anayewagundua mpaka mwaka umeisha.

Na kwa kuwa wamechanganyika, wa miaka sita na wa kumi na sita, uliza bila haya usalama unalindwaje, nani yuko vyooni na nyuma ya majengo, mtoto akionewa na mkubwa anamwambia nani kabla ya Jumatatu. Ulizia namba ya usajili na uione kwa macho. Zungumza na familia mbili zilizoondoka, si zile zilizobaki tu. Ulizia jengo ni lao au la kupanga; shule yenye watoto arobaini ni kama duka lako, mwezi mmoja mbaya unaitikisa, na ikifungwa katikati ya mwaka binti yako ataanzia wapi?

Sasa binti mwenyewe. "Mama, nipeleke hata kesho." Nimelipigia mstari neno hilo. Hajaiona ile shule, ameisikia kwako, na wewe ulisimulia ukiwa umetoka kulia. Huenda anaitaka. Huenda anataka tu kutoka alipo, na ungemwambia kuna shule mwezini angesema twende. Mwulize hivi: "Kama yule mwalimu wa hisabati angehamishwa kesho, ungependa kubaki?" Halafu nyamaza, usimsaidie kujibu. Akisema ndiyo, basi huenda anachohitaji ni shule ya kawaida isiyo na fimbo, iliyo karibu na nyumbani, alale mpaka saa kumi na mbili, na Jumamosi yake irudishwe. Zipo, hata kama si nyingi. Akisema hapana, hata bila yule mwalimu sipawezi pale, hapo tunazungumza jambo jingine, na ningewaomba wale wa shule ndogo wampokee siku kadhaa wakati wa likizo ya Juni. Akae pale bila wewe. Arudi na uchovu wake mwenyewe na maoni yake mwenyewe.

Kuna watakaokushauri mngoje Novemba afanye mtihani kwanza. Inaingia akilini kwa upande wa karatasi, na ina faida kwamba mtapata miezi ya kufikiri. Lakini miezi hiyo anaiishi yeye. Kama barua yenu kwa mkuu wa shule imefanya kazi na viboko vimekoma, kungoja ni jambo la kuvumilika. Kama havijakoma, hesabu Jumapili zilizobaki mpaka Novemba kabla hamjaamua.

Kuna pia njia ya kati ambayo haionekani kuwa kubwa, ndiyo maana watu huiruka. Kumtoa tuisheni ya Jumamosi. Kumtafutia kozi fupi ya umeme au vifaa vya elektroniki kwenye chuo cha ufundi cha VETA wakati wa likizo. Kumkalisha kwa fundi redio mtaani siku moja kwa wiki. Ile redio ya babu bado ipo? Hatari ya njia hii ni kwamba mtaridhika mkidhani mmemponya, kumbe siku tano za wiki ni zilezile.

Mdogo wake naomba tumzungumze peke yake, maana kwenye barua yako amekuja kama mzigo wa pili kwenye baiskeli ya dada. Unaogopa kumpa mmoja uhuru na mwingine fimbo. Lakini umesema anaipenda shule yake. Ana timu. Je, amewahi kuchapwa, au hiyo fimbo umeihamisha kutoka kwa dada yake? Kumwondoa mtoto mahali anapopapenda, bila kumwuliza, ili akapate shule ambayo watoto huulizwa, utaona mwenyewe kuna kitu hakikai sawa. Tena yeye yuko kwenye mkupuo wa mtaala mpya, unaomalizia darasa la sita. Mwakani, 2027, watamaliza pamoja na la saba wa mtaala wa zamani. Na elimu ya msingi ni lazima kisheria tangu Sheria ya Elimu ya 1978, kwa hiyo kwake suala la usajili wa shule lina uzito zaidi. Watoto wawili kusoma shule mbili tofauti si dhuluma. Nimewaona ndugu wa tumbo moja ambao mmoja alihitaji ukuta na mwingine dirisha.

Nimefika kwenye jambo linalonipa hofu kuliko mengine. Mume wako amesema ukiwahamisha utalipa mwenyewe, na wewe umeshaanza kupiga hesabu za duka. Naelewa. Lakini siku utakapolipa peke yako, ile itakuwa shule yako. Kila asubuhi mtoto atakayolala mkekani itakuwa ushahidi dhidi yako, na kila kitabu atakachosoma kitakuwa ushahidi dhidi ya baba yake. Mtoto anayejua kwamba amani ya wazazi wake inasubiri matokeo yake hawezi kuwa huru, hata umpeleke shule isiyo na kengele hata moja. Sikuambii ungoje mpaka baba akubali kila kitu; pengine hatakubali. Ila muombe aende kuiona, Jumatatu moja tu, aketi kwenye mkutano ule. Mwambie aende na maswali yake magumu kabisa, yale ya ngazi. Shule inayofaa kupewa binti yenu inapaswa kuweza kumjibu mtu kama yeye.

Na mwisho, yale machozi. Umesema hujui kwa nini yalikutoka. Mimi pia sijui, ila nilipofika hapo nilijiuliza msichana uliyemlilia alikuwa na miaka mingapi, na kama ni binti yako au ni wewe darasani mwaka fulani. Huhitaji kunijibu. Ila ukiijua hiyo, utaweza kuitenganisha shule unayomtakia yeye na ile uliyoikosa wewe, na huenda mkakuta ni ileile, au siyo.

Niandikie tena baada ya likizo ya Juni. Nitapenda kujua alikujibu nini kuhusu mwalimu wa hisabati, na baba yake alisema nini ulipomsimulia lile swali la daktari.

Shangazi